Kuosha mguu wa matende nyumbani: tunavyofanya sisi huku Lindi

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyeteuliwa kuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kijiji cha jirani huku Mtama, alinipigia simu akiwa kwa mgonjwa wake. "Dada, beseni ninalo, sabuni ipo, mzee kashakaa. Naanza na nini?" Nikamwelekeza mpaka salio likakata. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale ambayo salio halikuyafikia.

Kwanza ujue unapambana na nini. Matende huanza na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Minyoo mikubwa hukaa kwenye mishipa ya limfu miaka 6 hadi 8, ikiharibu njia, na maji yaliyopaswa kupita humo yanatuama mguuni. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haunenepeshwi na minyoo tu. Bakteria wa kawaida kabisa wanaingia kupitia nyufa za ngozi, mguu unawaka, homa na kutetemeka vinafuata, mitoki inavimba kwenye nyonga, na ukipoa unabaki mnene kuliko ulivyokuwa. Kuosha ni kuwazibia hao bakteria njia. Hakumrudishi mtu kwenye mguu wa ujana wake, na ukimwahidi hivyo atakuacha wiki ya tatu.

Hatua ya 1: Nenda nyumba kwa nyumba, usiitishe mkutano

Ukimwomba mwenyekiti wa kitongoji atangaze "wenye matende waje Jumamosi", Jumamosi utakaa na mwenyekiti. Watu wanaficha. Kama umewahi kugawa kingatiba, vile vidonge vya kuzuia matende, nyumba unazijua tayari, kwa hiyo pita kwa utaratibu, toa shikamoo, kaa, uliza habari za shamba. Utaambiwa mguu umetokana na kukanyaga dawa ya mtu njiani, na kwamba busha linaletwa na madafu. Siku ya kwanza usibishane. Mtu aliyepigwa somo uwani kwake mbele ya wakwe hatakuonyesha mguu.

Wanaume wenye mabusha, maana nalo huletwa na minyoo hiyohiyo, waambie pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba busha halioshwi likaisha, ila linapasuliwa. Zahanati ndiyo itakayomwandikia rufaa na kumwambia aende wapi, iwe Sokoine kwa sisi wa Lindi au Ligula kwa wenzetu wa Mtwara. Mwambie pia aulize kama kuna kambi ya upasuaji inayokuja karibu.

Hatua ya 2: Vifaa

Beseni pana, ndoo mbili, kata au kopo, sabuni ya mche ya kawaida, kigoda, mkeka, vitambaa. Maji yawe ya kawaida, si ya moto. Sabuni ya unga sitaki kuiona, brashi sitaki kuiona, na dawa ya kufanyia usafi wa choo ndiyo kabisa. Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji ni hesabu ya pesa, msichovye mguu kwenye beseni. Mwagieni kwa kata, beseni likinge chini. Kwa mtindo huo ndoo ya lita 10 hunitosha mguu mmoja.

Hatua ya 3: Kagua kabla hujalowesha

Mguu ukishalowa nyufa hazionekani vizuri. Mpeleke mgonjwa penye mwanga wa jua, tazama kisigino, unyayo, mikunjo ya kifundo, na katikati ya kila kidole. Pitisha kiganja kuanzia goti kushuka, kisha pitisha kwenye mguu mzima wa upande wa pili, ulinganishe. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, lakini joto kiganja hakikosi. Ukikuta mguu una moto na mwenyewe ana homa, mambo ya mazoezi yaache, ruka uende hatua ya 8.

Hatua ya 4: Osha

Toka juu ya uvimbe kuja chini, kwa kiganja au kitambaa laini. Sabuni ipake mkononi kwanza, usiusugue mguu kwa mche wenyewe. Rudia mpaka maji yanayodondoka yawe safi, halafu suuza sabuni yote.

Hatua ya 5: Kausha (hii isome mara mbili)

Hapa nilipoteza karibu miezi miwili na bibi wa watu.

Alikuwa anaosha asubuhi na jioni, hakosi, kuliko mgonjwa yeyote niliyekuwa naye. Na bado mguu uliwaka mara mbili ndani ya miezi hiyo miwili, wakati kabla hajaanza kuosha alikuwa akikaa hata miezi mitatu. Nikailaumu sabuni, tukabadilisha. Nikayalaumu maji, maana kisima chao kiko karibu na bahari, yana chumvi na povu halitoki, basi nikawa nawabebea ndoo ya bomba kwa baiskeli. Nikamlaumu mkwewe kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Siku moja nikafika bila kutarajiwa, nikaomba kigoda, nikanyamaza.

Bibi alimaliza kuosha vizuri kabisa. Akachukua kanga mpya, akaipitisha mguuni mara tatu kama anayefuta meza, akavaa yeboyebo zake, akaenda kugeuza muhogo juani.

"Bibi, samahani, rudi kidogo nione vidole."

"Vidole vina nini, mjukuu wangu? Si nimetoka kuviosha sasa hivi?"

Nikaachanisha kidole cha nne na kidole kidogo. Ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa na kulegea kama ya mtu aliyeshinda akifua, ina harufu, na chini kabisa ulikuwepo ufa wa urefu wa punje ya mchele. Ngozi inayobaki na unyevu huota fangasi, fangasi hupasua, na kwenye ufa huo bakteria wanapita. Tulikuwa tunaulowesha mara mbili kwa siku na kuufungia ndani ya plastiki.

Kwa hiyo:

Kitambaa ndicho cha kwanza. Kanga mpya ina wanga, kitenge kina nta, vyote viwili vinasukuma maji badala ya kuyanyonya. Dondoshea tone la maji juu ya kitambaa. Likikaa kama shanga, kitambaa hicho hakifai. Ninachopenda mimi ni shuka kuukuu la pamba, au kanga iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki. Chana vipande vikubwa vya kukandamizia na vipande vyembamba, upana wa vidole viwili, vya kupitisha kwenye nafasi ndogo.

Usisugue. Weka kitambaa, kandamiza, hesabu mpaka kumi, inua, sogea.

Mikunjo ndiyo inayodanganya, hasa ule wa mbele ya kifundo. Kwa juu unaonekana umekauka, ukiufungua kwa mkono wa pili unakuta maji yamelala ndani. Viringisha kipande chembamba kama utambi wa taa, kilaze ndani ya mkunjo, kiache dakika nzima, kisha weka kingine kikavu. Mkunjo mmoja mzito unaweza kula vipande vitatu.

Vidole viwe vya mwisho, na viwe na kitambaa chao, ili usibebe fangasi kutoka vidoleni ukaipandisha kwenye mikunjo. Pitisha kipande kutoka juu ya mguu kutokea unyayoni, taratibu, upande mmoja tu. Usivute huku na huku kama msumeno. Vidole vilivyobanana sana, zungushia kitambaa kwenye kidole chako kidogo uingie nacho. Usitumie kijiti hata ukikifunga kitambaa. Mwenzetu mmoja alitumia cha mwarobaini, kikachomoza, akatengeneza kidonda kipya.

Halafu acha mguu upigwe na hewa robo saa, juu ya mkeka, bila kiatu. Kipepeo cha jikoni kinasaidia. Jiko lenyewe halisaidii: ngozi nene huchelewa kusikia moto, utamuunguza kabla hajasema. Na poda usinyunyize, ikikutana na unyevu inakuwa uji.

Namna ya kuhakikisha: chukua kipande cha karatasi ya chooni, kiingize katikati ya kidole cha nne na cha tano, toa. Kikitoka kimelegea, rudia. Angalia tu kisiachwe ndani. Wakati wa masika, hewa yenyewe ikiwa imelowa, mimi hukagua vidole tena kabla mtu hajalala, hata kama jioni hakuosha.

Vitambaa vifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kwenye kamba. Kila mgonjwa na vyake, hata kama ni mume na mke.

Jambo lingine ambalo sikulijua mwanzoni ni kwamba wengi hawafiki vidoleni mwao. Mguu ni mzito, tumbo linazuia, mgongo umezeeka. Wataitikia "ndiyo, nakausha" kwa adabu tu. Mwambie akuonyeshe. Akishindwa, tafuta mtu wa nyumbani. Kwa bibi yangu alikuwa mjukuu wa darasa la sita, mtoto mwenye mkono mwepesi kuliko mimi, na tangu aanze kazi hiyo bibi alikaa miezi mitano mguu haujawaka.

Hatua ya 6: Dawa ya nyufa

Ngozi ikiwa kavu, na ikiwa kavu tu. Zahanati wakikupa mafuta ya Whitfield au krimu ya klotrimazoli, paka kiasi kwenye penye fangasi. GV, ile dawa ya zambarau, naikwepa kwa wagonjwa hawa, kwa sababu ikishapakwa huoni tena kama ufa umefunga au umekua. Majani yaliyopondwa, majivu na mafuta ya taa, hapana.

Hatua ya 7: Inua, chezesha, valisha

Akikaa, mguu upande juu ya kigoda au gunia. Akilala, kunja blanketi chini ya godoro upande wa miguu. Achezeshe kifundo juu na chini, azungushe, ainuke kwa ncha za vidole akishika ukuta. Kiatu kiwe kipana na kinachopitisha hewa. Peku shambani ni marufuku, najua mtanijibu nini, lakini ni marufuku.

Kazini huwa hapaangaliwi kabisa. Msimu wa korosho wanawake wanakaa kutwa wanachambua au kubangua, miguu inaning'inia, jioni haiingii kwenye viatu. Mimi humfuata msimamizi wa ghala na ombi moja dogo: kreti la kupandishia mguu, na ruhusa ya kusimama dakika chache. Wengi wanakubali, kwa sababu mtu aliyelala na homa wiki nzima hachambui kitu. Na wanaopulizia salfa mikorosho, wafunike mguu wenye nyufa na kuuosha jioni ileile.

Shuleni naomba dakika kumi mstarini kabla ya siku ya kingatiba. Watoto nawaeleza kwamba ivermectin na albendazole zinazuia minyoo isipite kwa mbu kwenda kwa mwingine, na kwamba fimbo ya urefu si ya kuchapia, ni ya kujua vidonge vingapi. Ujumbe wa "chukua kitambaa umkaushe bibi vidole" unafika nyumbani siku hiyohiyo. Wagonjwa wenyewe nao wanameza kingatiba kama wengine. Tunawaacha wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na mtu aliye hoi kwa ugonjwa. Chandarua ni kila usiku, minyoo michanga hujitokeza kwenye damu ya karibu na ngozi usiku, na mbu wanalijua hilo.

Hatua ya 8: Siku mguu ukiwaka

Apumzike, mguu juu. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kiwekwe, kibadilishwe kikipata joto, na baadaye ngozi ikaushwe. Anywe maji ya kutosha. Parasetamo kwa homa. Mazoezi yasimame mpaka maumivu yaishe. Malengelenge yasitoboliwe, asichanjwe, asifungwe bandeji ya kubana, asikandwe kwa maji ya moto. Siku hiyohiyo aende zahanati, huenda akahitaji antibayotiki. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika kila anachokunywa, au homa kali ikigoma kushuka, usisubiri bodaboda ya bei nafuu.

Hatua ya 9: Daftari

Ukurasa mmoja kwa mgonjwa. Andika tarehe mguu ulipowaka na siku alizolala, na pembeni nini kilitangulia: alikwenda peku kupalilia, alisafiri msibani bila vitambaa vyake, mjukuu alikuwa kwenye mitihani. Kupima unene kwa kamba nilijaribu nikaacha, wagonjwa walikuwa wanaitazama kamba na kukata tamaa. Siku za homa zinapungua mapema zaidi, na hizo wanaziona wenyewe.

Yule kijana amenitumia picha jana usiku. Kisigino kimefunga vizuri, katikati ya kidole cha nne na cha tano bado pana weupe. Nimemwambia anitumie na picha ya kitambaa anachotumia. Ni kitenge.