Kabla ya kutafuta rekodi za mtoto wa familia aliyezaliwa akiwa amefariki

Anza na mama mwenyewe, ikiwa yu hai. Fotokopi za kitambulisho unaweza kuzitoa siku yoyote, lakini ruhusa yake haiuzwi kwenye kaunta ya Huduma Centre. Muulize mkiwa wawili tu. Katika nyumba nyingi mimba ile haikutajwa tena tangu alipotoka hospitalini, na ukiizusha mbele ya wakwe umejifungia mlango. Kama ameshaaga, mtafute dada yake au shangazi aliyempelekea uji wodini.

Hakikisha umepata jina ambalo mama alijiandikisha nalo hospitalini, kwa maana mtoto mwenyewe huenda hakupewa lolote. Rejista za uzazi humwandika "mtoto wa fulani". Huyo fulani anaweza kuwa na jina la baba yake, la mume, au la ubatizo ambalo wewe hujawahi kulisikia. Kwenye rejista za wodi utakutana na herufi FSB na MSB: ya kwanza ni mtoto aliyefariki muda mfupi kabla ya kuzaliwa, mara nyingi uchungu ukiwa umeanza, ya pili ni aliyefia tumboni mapema zaidi. Jiandae kuzisoma bila kushtuka.

Uliza pia mimba ilikuwa na miezi mingapi. Sheria ya Kenya huhesabu uzazi baada ya wiki 28, mtoto awe hai au mfu. Chini ya hapo msajili hana cha kukuonyesha.

Mwaka nao ni muhimu. Waafrika walianza kulazimika kusajili vizazi na vifo mwaka 1963, Nairobi na Nyeri kwanza. Basi ikiwa nyanya alijifungua Pumwani mwaka 1955, ulizia vitabu vya hospitali (kama mchwa wamevisaza). Hospitali hiyo ipo tangu 1926. Na wazee wakikutajia King George, wanamaanisha Hospitali ya Kenyatta ya leo.

Usitegemee sana mpangilio wa kuwapa watoto majina ya babu na nyanya kwa zamu, hata kwa Wakikuyu. Mtoto asiyepewa jina haachi pengo. Jina humngoja anayefuata. Badala yake tazama miaka kati ya ndugu: penye mwanya mrefu huenda ndipo alipozaliwa.

Mwisho, kabla hujapanda matatu ya kwenda makaburi ya Lang'ata, uliza kama familia iliuchukua mwili. Kama waliuacha hospitalini, kitabu cha kuomba ni cha mochari.