Njiwa wamehama, mayai yamepoa: mikasa ya kila siku bandani na namna ya kuitatua

Kijijini njiwa wakihama, maneno hayakawii: nyumba ile ina ugomvi, njiwa hawakai penye kelele. Kabla hujamtazama mwenzako kwa jicho baya, chukua tochi uende bandani saa 3 usiku. Mara nyingi aliyewafukuza njiwa yumo kwenye nyufa za mbao, naye ni mdogo kuliko punje ya ulezi.

Huyo ni utitiri mwekundu. Mchana hujificha, usiku hutoka kunyonya damu. Chomeka karatasi nyeupe kwenye ufa, uisugue kidogo. Ikitoka na madoa mekundu, jibu umelipata. Anayeumia zaidi ni njiwa anayeatamia, maana hawezi kujiondokea. Akichoka anaacha mayai na kwenda kulala juu ya paa, na wenzake humfuata.

Toa viota vyote uvichome moto. Kwangua mbao, mwagia maji yanayochemka kwenye nyufa, acha banda lishinde juani wazi, kisha paka oili chafu kwenye nyufa na maungio tu, si mahali njiwa anapolalia. Tandika viota vipya juu ya majivu makavu ya kuni, viganja viwili kila kimoja. Rudia kazi yote baada ya siku 7, kwa kuwa mayai ya utitiri yaliyosalia yatakuwa yameshaanguliwa. Dawa ya kupulizia mahindi au pamba isiingie bandani: njiwa hujichambua manyoya kwa mdomo, kwa hiyo ataila.

Uliyemnunua karudi kwao

Hili halina mchawi. Njiwa mzima aliyetoka kijiji cha jirani anakijua kwao, na hata ukimfungia mwezi mzima anaweza kurudi siku ya kwanza ya kufunguliwa. Nunua wadogo wa wiki 5 au 6, wanaojilisha lakini hawajazoea kuruka mbali. Ukilazimika kununua wakubwa, wafungie wiki 4 katika banda lenye upande mmoja wa wavu ili wauone uwanja. Siku ya kuwafungua usiwalishe asubuhi. Fungua saa 11 jioni, wakiwa na njaa na giza likikaribia, huku ukitikisa kopo la mtama walilolizoea. Wenye jozi mtoe mmoja, mwingine abaki ndani.

Asubuhi unakuta damu

Soma alama kabla ya kutega. Kichwa kimeliwa na mwili umeachwa: mara nyingi ni kanu au kicheche. Mayai yametoweka bila hata kipande cha ganda: fikiria nyoka. Ganda limetafunwa kingo: panya. Manyoya yametapakaa uwanjani mchana kweupe: mwewe au kipanga.

Wavu wa kawaida wa kuku huzuia kuku, panya anapita. Tumia wavu wa matundu ya nusu inchi. Banda likae juu ya nguzo zenye urefu wa mita 2, na kila nguzo uivishe bati laini lenye upana wa sentimita 60, likianzia mita 1 toka ardhini. Bati hilo halisaidii kitu kama kuna tawi la mwembe linalogusa paa. Siafu nao huja msimu wa mvua na humaliza makinda usiku mmoja: simamisha nguzo kwenye makopo yenye oili chafu, na fyeka majani yanayoegemea banda, maana hayo ndiyo daraja lao.

Mayai na makinda

Jike hutaga yai la kwanza jioni, hupumzika siku inayofuata, na la pili huja mchana wa siku ya tatu. Hesabu siku 17 au 18 kuanzia hilo la pili, ndipo yaanguliwe. Ukikuta mayai 4 kwenye kiota kimoja, usishangilie: mara nyingi ni majike wawili waliooana bila dume. Siku ya 6 mulika yai kwa tochi ya simu gizani. Likiwa na mishipa myekundu kama mizizi, lina uhai. Lililofika siku 21 bila kuanguliwa litoe.

Dume huatamia toka saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni hivi, muda uliobaki ni wa jike. Kwa hiyo mayai yakikaa wazi saa 7 mchana, anayetafutwa ni dume.

Kinda akitanua miguu pembeni kama chura, kosa ni la sakafu. Amekulia juu ya ubao mtupu unaoteleza. Weka vijiti vyembamba na nyasi ngumu, halafu funga miguu yake kwa uzi wa sufi, mfano wa namba 8, ikiachana sentimita 3 hivi, kwa siku 5 hadi 7. Akishapita wiki 2 mifupa imekomaa na kamba haifai tena.

Wazazi wakifa, umri wa kinda ndio unaoamua. Siku za mwanzo hula maziwa mazito yanayotoka kwenye gole (mfuko wa chakula ulio chini ya shingo) la baba na mama, na uji hauwezi kuchukua nafasi yake. Mhamishie kwenye kiota chenye kinda wanayepishana siku 2 tu. Njiwa hawamkatai kwa harufu. Jioni gusa gole: lililoshiba ni laini na limejaa kama ndimu iliyoiva. Aliyevuka siku 10 unaweza kumlisha mwenyewe. Loweka kunde kwa muda wa saa 8, msukumie punje moja moja nyuma ya ulimi, punje 20 hadi 30, mara 3 kwa siku. Maji ya vuguvugu umchovye ncha ya mdomo, avute mwenyewe. Ukimmiminia, yanaingia kwenye njia ya hewa na unampoteza papo hapo.

Msimu wa kupanda

Dodoma na Singida, mvua za Novemba na Desemba zikianza, njiwa hula uwele na mtama uliotoka kufukiwa, na jirani ana haki ya kukasirika. Tena mbegu za dukani hupakwa dawa, ndiyo maana zina rangi nyekundu au ya waridi, na zinaua. Fungia njiwa wiki 2 za kupanda, ukiwapa gramu 35 za nafaka kila mmoja kwa siku, pamoja na changarawe na maganda ya mayai yaliyopondwa.

Shingo kupinda

Njiwa anayezungusha shingo, anadonoa punje na kuikosa, mara nyingi ana ugonjwa wa jamii ya kideri (mdondo wa kuku). Mtenge siku hiyohiyo na kamwite daktari wa mifugo. Tiba yake haipo, ila wengi hupona baada ya wiki kadhaa wakiweza kula. Sahani bapa haimfai. Mwekee nafaka kwenye kopo lenye kina cha sentimita 8, akikosea anadonokea nyingine.