Jinsi ya kupiga wolzi ya Kikajuni kwenye fidla

Kama umezoea fidla ya taarab basi vidole vyako viko poa, mkono wa upinde ndo utakaosumbuka, maana wolzi, yaani dansi ya biti tatu tatu, ya Wakajuni wa Louisiana kule Marekani inakaa kwenye upinde. Hawa jamaa ni wazao wa Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Akadia, sehemu ya Kanada ya leo, kuanzia 1755, na muziki wao ni wa kuchezesha watu, kwa hiyo kabla hujashika fidla simama uyumbe kidogo, MOJA mbili tatu, MOJA mbili tatu, mpaka mwili ukubali.

Hatua ya 1, tyuni. Akodiani zao nyingi ni za C, ndo maana wapigaji wengi wanalegeza nyuzi zote nne toni nzima, badala ya G D A E unapata F C G D, ukiweka vidole vya D inatoka C. Fanya hivi hata ukiwa peke yako, uzi uliolegea una sauti nene yenye majonzi na naipenda mno.

Hatua ya 2, nyuzi mbili kwa pamoja. Melodi ikiwa uzi wa pili, upinde uguse na wa tatu ulio wazi, uwe unanguruma chini muda wote.

Hatua ya 3 ndo yenyewe, usiikimbie. Biti tatu za kwanza vuta, tatu zinazofuata sukuma, bila kunyanyua upinde. Sasa ukisukuma unaanzia nchani ambako upinde ni mwepesi na biti ya MOJA inapotea, hapo kandamiza kwa kidole cha shahada halafu legeza taratibu kwenye mbili na tatu, isikike kama mtu anavuta pumzi. Mimi hapa nilikaa wiki nyingi na noti moja tu! Ikikaa sawa ndo uongeze kuteleza, kidole cha pili kianzie chini kidogo ya noti kipande polepole, kikichelewa kufika sawa tu.

Hatua ya 4, tafuta mwenzako. Wasikilizeni wapiga fidla wa Kikajuni Dennis McGee na Sady Courville, walirekodi New Orleans 1929, fidla mbili tupu bila akodiani, mmoja anapiga melodi na mwingine anamshikia biti kwenye nyuzi nene. Pigeni hivyo, kisha mbadilishane.