Kuomba Nafasi ya Kusomea Ualimu Chuo Kikuu: Anza na Masomo Mawili

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakitoka, nyumbani kwangu Zimmerman, Nairobi, hakukosi mgeni. Anakuja na simu mkononi, pengine na mama yake, na swali ni lile lile: "Mwalimu, nataka kusomea mambo ya mitaala na ufundishaji. Nibonyeze wapi?" Mimi huwaomba waweke simu kando kwanza, tutoe karatasi ya matokeo.

TSC, tume ya kuajiri walimu, humtaka mwalimu wa sekondari mwenye digrii awe alipata wastani wa C+ katika KCSE, na pia C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu anaweza kuwa na wastani mzuri, akaitwa chuoni, akasoma miaka minne, kisha akafika kwenye usajili na kukuta somo lake la pili lilikuwa C. Na sheria ya TSC ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha kabla hajasajiliwa.

Mwaka mmoja binti wa jirani alinijia na wastani wa C+. Kiswahili B, Historia C+, Jiografia C. Nikachukua kalamu nyekundu nikazungushia Kiswahili na Historia. Akaikodolea macho ile C. "Lakini Mwalimu, Jiografia ndiyo naipenda." Nilimwonea huruma, kwa sababu najua aliyemfunza kuipenda. Lakini afadhali machozi ya leo sebuleni kwangu kuliko ya mwaka wa tano kaunta ya TSC kule Upper Hill.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kalamu. Zungushia masomo mawili yenye C+ au zaidi yanayofundishwa sekondari. Yakiwa ya sayansi au hisabati, tafuta Shahada ya Elimu upande wa Sayansi. Yakiwa lugha, historia, dini au jiografia, tafuta upande wa Sanaa. Usihangaike kutafuta digrii iitwayo Mitaala na Ufundishaji peke yake, maana hapa kwetu jina hilo mara nyingi ni la idara, na watu hubobea humo wakiwa shahada ya uzamili. Katika digrii ya kwanza utayapata ndani ya Elimu: ukuzaji wa mitaala, mbinu za kufundisha, saikolojia ya elimu, upimaji na tathmini, kisha mazoezi ya kufundisha katika shule halisi.

Ukitaka kuonja kazi yenyewe kabla hujaomba, ingia tovuti ya KICD, taasisi ya ukuzaji mitaala iliyoko Desai Road, upakue mtaala wowote wa Kiswahili. Utaona jedwali: mada, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, mapendekezo ya shughuli za ujifunzaji, maswali dadisi. Soma ukurasa mmoja, ujiulize ungefanyaje Jumatatu asubuhi na watoto hamsini mbele yako. Ukijikuta tayari unapanga, njoo tuendelee.

Sasa washa simu, au bora zaidi nenda saiba, duka la intaneti, yenye skrini kubwa. Subiri KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, litangaze kwamba maombi yamefunguliwa, kisha ingia students.kuccps.net. Utaulizwa namba yako ya mtihani wa KCSE yenye tarakimu 11, mwaka uliofanya mtihani, na nywila. Nywila ya kwanza ni namba ya cheti cha kuzaliwa au namba ya mtihani wa KCPE, ule wa darasa la nane, ile iliyotumika kukusajili KCSE. Ikikataa, jaribu ile nyingine kabla ya kuanza kulia. Ukishaingia ibadilishe mara moja, na usimwachie mhudumu wa saiba akuandikie kwenye daftari lake.

Tafuta kozi za Elimu. Kila moja itakuonyesha masharti ya masomo, pointi zako za klasta, yaani hesabu ya masomo manne ya kozi hiyo ikichanganywa na matokeo yako kwa jumla, na pointi za mwisho zilizoingiza wanafunzi miaka iliyopita. Hapa tulia. Pointi za juu kabisa ni 48. Ukiona zako ziko chini sana ya za mwaka jana, usiweke kozi hiyo ya kwanza kwa matumaini matupu. Iweke ile unayoitaka na unayoifikia, na zile zinazofuata ziwe za kweli pia, chuo ambacho ungekwenda kwa moyo mkunjufu hata kama ni mbali. Wanafunzi wa Nairobi hung'ang'ania Chuo Kikuu cha Kenyatta pale Thika Road au Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho masomo yake ya elimu yako bewa la Kikuyu. Ni vyuo vizuri, lakini Elimu hufundishwa pia Maseno, Moi, Egerton na kwingineko, na TSC haikuulizi ulipanda matatu gani.

Malipo ya maombi yamekuwa shilingi 1,500. Tovuti itakupa namba ya kumbukumbu, utaitumia kulipa kwa M-Pesa kupitia paybill inayoonyeshwa hapo hapo. Mtu akikwambia umtumie pesa kwa namba ya simu akusaidie kupata nafasi, ondoka. Nafasi hutolewa kwa matokeo. Ukilipa, rudi uwasilishe maombi, kisha piga picha ukurasa wa uthibitisho. Wengi hulipa wakasahau kuwasilisha.

Kukikwama, ofisi za KUCCPS ziko ACK Garden House, First Ngong Avenue. Nenda asubuhi, ubebe karatasi ya matokeo na cheti cha kuzaliwa.

Kupangiwa chuo si kupangiwa ada. Ufadhili na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unaombwa kando, kwenye tovuti ya serikali ya ufadhili wa elimu ya juu, na utahitaji laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako pamoja na vitambulisho vya wazazi au walezi. Omba mara tu ufunguliwapo. Barua ya kuitwa chuoni utaipakua kwenye tovuti ya chuo chenyewe.

Siku ya kuripoti, beba ile karatasi ya kalamu nyekundu. Vyuo vingi hukuandikisha masomo yako mawili siku hizo hizo, foleni ikiwa ndefu na kila mtu akiwa na haraka. Yule binti alinipigia simu akiwa kwenye foleni, fomu mkononi, akauliza kama anaweza kubadilisha Historia aandike Jiografia, kwa sababu hakuna aliyemkataza. Nikamsomea tena zile gredi polepole. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwomba aliyekuwa nyuma yake kalamu.