Somo: Kondoo mwenye mimba atembee, asifungiwe bandani

Wafugaji wengi wa kondoo aina ya Dorper huku Kajiado, kondoo akishaonekana ana mimba, humfungia na kumjazia pumba. Nia ni njema, taabu huja baadaye. Mimba hukaa siku 147 hivi, na karibu asilimia 70 ya uzito wa mwana huongezeka wiki sita za mwisho. Hapo ndipo jike aliyenona kupita kiasi huugua, hasa mwenye mapacha: mwili huyeyusha mafuta mengi kuliko ini linavyoweza kuhimili.

Hatua ya 1. Andika tarehe ya kupandwa. Bila hiyo unabahatisha tu.

Hatua ya 2. Mtoe kila siku umande ukishakauka, atembee tambarare kwa mwendo wake mwenyewe. Mbwa wasimkimbize. Huna malisho? Weka maji pembe moja ya boma, chakula pembe ya pili, chumvi ya kulamba ya tatu. Atazunguka bila kuswagwa. Mlango uwe mpana, maana kubanana hapo huumiza mimba.

Hatua ya 3. Mwendo bila lishe ni kumkondesha. Tumbo limebanwa, hawezi kula majani mengi kwa mkupuo. Mpe lusina (majani ya malisho yenye protini nyingi) na nafaka kidogo, asubuhi na jioni.

Hatua ya 4. Mwana akizaliwa, mama amlambe, kitovu kichovywe kwenye iodini, na dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, iingie ndani ya saa mbili: mililita 50 kwa kila kilo, yaani kama 200 kwa mwana wa kilo nne. Mtie kidole mdomoni. Mdomo ukiwa wa baridi, mkaushe na umpashe joto kwanza. Asiyeweza kuinua kichwa usimnyweshe kwa chupa, atapaliwa.

MASWALI

Daktari, wangu anabaki nyuma ya kundi. Nimswage?
Hapana. Akibaki nyuma, akakataa pumba, akasimama ameegemeza kichwa ukutani kama kipofu, huyo ni mgonjwa. Mnyweshe molasi iliyochanganywa na maji, polepole, na umwite daktari wa mifugo leo hii. Wakishalala chini, wengi hawainuki.

Wetu hufuata majani mbali kiangazi. Mazoezi si yametosha?
Yametosha na kuzidi. Wakikaribia kuzaa wabaki karibu na boma. Mwana akizaliwa porini jua likizama, bweha hamwachi.

Mama akifa, dang'a nitoe wapi?
Kamua kondoo mwingine aliyezaa siku hiyo. Hayupo? Ya mbuzi, au ya ng'ombe.