Tofali lisilopita motoni: namna ya kulifyatua hapa Lubumbashi

Mimi ni masoni, fundi wa kujenga nyumba, kazi zangu nyingi ziko Ruashi na huko Annexe, na kila kiangazi kikianza wateja huniuliza bei ya matofali ya kuchoma. Huwa nawaomba kwanza watazame baiskeli za makala zinazoingia mjini asubuhi, wamuulize mwenye mzigo ametoka wapi. Miombo imesogea mbali. Mutondo, muputu na hata misuku tuliyozoea kula matunda yake imekatwa kwa ajili ya makala na kwa ajili ya matanuru ya matofali. Tanuru halishibi vijiti. Linataka magogo usiku na mchana, na ukilifungua unakuta matofali ya katikati yamepinda kwa moto, ya pembeni bado mabichi.

Nyumba ya chini, isiyo na ghorofa, haihitaji moto huo. Inahitaji udongo mzuri, simenti kidogo, presi ya mkono na subira.

Presi si kitu kipya. Ile iliyoigwa zaidi duniani, CINVA-Ram, ilibuniwa nchini Kolombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez: sanduku la chuma, kifuniko, na mkono mrefu wa kushindilia. Tofali lake lina urefu wa sentimita 29, upana 14 na kimo 9. Fundi chuma mwenye mabati mazito anaweza kukutengenezea, ila pembe za sanduku zipime wewe mwenyewe kabla hujalipa, maana pembe iliyopotoka itakutesa ukuta mzima.

Sasa udongo, na hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha. Kichuguu kinajulikana kwa matofali mjini kwetu, lakini udongo wake una mfinyanzi mwingi mno; ukiutumia peke yake tofali litapasuka likikauka. Uchanganye na mchanga. Tena usivunje kila kichuguu unachokiona. Watafiti waliopima vichuguu vikubwa vya miombo ya Katanga walichapisha mwaka 2015 kwamba baadhi vina umri wa zaidi ya miaka 2,000, na wakulima wanajua mahindi yanavyostawi juu yake. Chukua kile kilichomo ndani ya parseli yako, yaani kiwanja chako, ambacho ungekisawazisha hata hivyo ili upate msingi. Na usichimbe karibu na mabaki ya migodi au kiwanda cha kuyeyushia madini. Udongo ule unaweza kuwa na sumu, na watoto watalala ndani ya kuta hizo.

Toa tabaka la juu lenye mizizi na majani, ponda madongo, chekecha. Kisha tengeneza kisanduku cha mbao cha kupimia udongo, kisicho na kifuniko, ndani kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4, kina 4. Kipake mafuta, kijaze udongo uliolowa vizuri, ukishindilia kwenye pembe, ukiweke juani siku tatu. Udongo utajivuta. Usukume wote upande mmoja, pima nafasi iliyobaki. Ikiwa chini ya milimita 12, ndoo moja ya simenti inatosha kwa ndoo 18 za udongo. Ikifika milimita 40 hadi 50, weka ndoo moja kwa 12. Ikizidi hapo, ongeza mchanga urudie kipimo. Kisanduku hiki kinaokoa pesa nyingi kuliko ubishi wowote dukani.

Changanya simenti na udongo vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji, usiyamwage. Finyanga donge la ukubwa wa ngumi, liachie kutoka kimo cha kifua lianguke penye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne hadi sita, maji yametosha. Likisambaratika kama unga, ongeza maji kidogo. Likibaki donge moja lililobonyea, umezidisha. Usichanganye zaidi ya unachoweza kufyatua ndani ya nusu saa, kwa sababu simenti haikungojei. Jaza sanduku la presi kwa kipimo kilekile kila mara, pembe uzibonyeze kwa vidole kabla ya kufunga.

Tofali likitoka lishike kwa viganja viwili, kwenye ncha zake, ulilaze kivulini juu ya ardhi iliyosawazishwa. Halafu funika. Upepo wetu wa kiangazi unakausha tofali kabla simenti haijashika, na tofali lililokauka upesi linabomoka likikwaruzwa na ukucha. Bashi (turubai) au nyasi nene juu, maji asubuhi na jioni kwa siku 7, kisha liache likomae mpaka siku 28 zitimie. Mwenye nyumba akikuhimiza ujenge kabla ya hapo, mwambie hapana kwa heshima.

Kabla ya kujenga, tumbukiza tofali moja ndani ya maji siku nzima. Likitoka na kingo zake kamili, endelea. Likiacha tope chini ya ndoo, udongo au simenti irekebishwe.

Mita moja ya mraba ya ukuta inakula matofali 32 hivi. Msingi uwe wa mawe, uinuke sentimita 30 juu ya ardhi, kwa sababu adui wa ukuta huu ni matone ya mvua yanayoruka kutoka chini. Udongo wa kuungia uwe uleule wa matofali uliochekechwa vizuri, simenti yake mara mbili ya ile ya tofali. Usiunganishe kwa simenti kali, itapasua tofali badala ya kiungo. Mapaa ya mabati yatoke nje ya ukuta sentimita 60 angalau, na anza mapema, Mei au Juni, ili uwe umeezeka kabla mvua za Novemba hazijafika.

Lipu ya nje si lazima. Ukiitaka, subiri ukuta ukauke kabisa, ulowanishe kidogo, kisha paka chokaa nyepesi tabaka tatu, kila moja ikauke kabla ya nyingine.