Elfu Tano za Kwanza: Kumaliza Mkopo wa Nyumba Huku Watoto Wakiendelea Kula Samaki Dunga

Nafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Kisumu. Tunaishi Mamboleo, katika nyumba ambayo hati yake bado iko benki, na mume wangu ana duka la vipuri Kibuye. Watoto ni watatu. Walimu wenzangu waliochukua mikopo ya nyumba huniuliza swali moja kila mara: nikipata pesa kidogo juu ya malipo ya kawaida, nizipeleke kwenye mkopo au watoto nao wafurahie? Vyote viwili vinawezekana. Sharti ujue ni shilingi ipi inayofanya kazi kubwa zaidi, na hilo linajulikana kwa kalamu na karatasi.

Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 3, riba asilimia 13 kwa mwaka inayopigwa kwa salio linalopungua (yaani kwa deni lililobaki tu), muda miaka 15. Malipo ya mwezi ni kama 37,960. Katika malipo ya kwanza kabisa, 32,500 ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 5,460 hivi. Mwaka ukiisha umelipa zaidi ya 455,000, na salio limeshuka kwa kama 69,500 tu. Mtu akiiona taarifa ya mkopo ya namna hiyo hushtuka, na wengine hurudi nyumbani wakaanza kubana kila kitu: nyama, nauli, sherehe za watoto, hata kutembeleana.

Tulia kwanza, uendelee na hesabu. Ukiongeza 5,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo huo unaisha miezi 49 mapema, na riba unayookoa ni karibu milioni 1.2. Sasa ongeza 5,000 nyingine, ziada iwe 10,000 kwa mwezi. Muda unapungua kwa miezi mingine 26, na riba inayookolewa zaidi ni kama 590,000. Elfu tano za tatu zinakupunguzia miezi 17 hivi.

Kwa hiyo elfu tano za kwanza zinafanya kazi karibu mara mbili ya za pili, na karibu mara tatu ya za tatu. Nyumbani mambo ni kinyume chake. Elfu tano za kwanza unazotoa katika matumizi ya familia pengine hakuna atakayeziona zimetoka: muda wa maongezi, vitu vya dukani vinavyonunuliwa bila mpango, teksi pale ambapo matatu ingetosha. Za pili zinaanza kula matembezi ya watoto. Za tatu zinakula maziwa na matunda. Hapo ndipo ninaposimamia: toa zile za kwanza bila kukosa, na uwe mzito sana kutoa za pili. Kama mkopo wako ni tofauti na mfano huu, tafuta kikokotoo cha mikopo kwenye intaneti, weka tarakimu zako, kisha upandishe ziada hatua kwa hatua uone ni wapi faida inaanza kupungua.

Kabla ya kutuma hata shilingi moja

Soma mkataba wa mkopo, kisha nenda ukamwone afisa wa mikopo ana kwa ana. Muulize: ziada ikiingia inakwenda wapi? Je, kuna ada ya kulipa mapema? Na baada ya ziada kupokelewa, benki inafupisha muda au inapunguza malipo ya mwezi? Hilo la mwisho wengi hawaulizi. Benki ikipunguza malipo ya mwezi na kuacha muda ulivyokuwa, sehemu kubwa ya faida niliyoieleza hapo juu hutaiona, labda uendelee kulipa kiwango kile cha zamani kwa hiari yako.

Mwalimu mwenzangu alikuwa akiongeza pesa kila mwezi, na alipochukua taarifa ya mkopo akakuta salio halijatikisika inavyotakiwa. Alipouliza akajibiwa, "Mwalimu, pesa zako zipo." Kweli zilikuwepo, zimelala kwenye akaunti zikingoja kukatwa kama malipo ya miezi ijayo, na riba ikaendelea kupigwa kwa deni lote. Ili yasikupate hayo, andika barua au baruapepe yenye maneno kama haya: "Naomba malipo yangu yote ya ziada yapunguze deni lenyewe, malipo ya mwezi yabaki kama yalivyo, na muda wa mkopo ufupishwe." Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Ukishalipa ziada ya kwanza, itisha taarifa ya mwezi uliofuata na uangalie mwenyewe kama salio limeshuka kwa kiasi kile kile.

Kuna mambo mawili ya kutangulia hata hiyo ziada. Kwanza, madeni ya bei ghali. Kama una mkopo wa simu unaokutoza asilimia 7 au 8 kwa mwezi, huo ndio wa kuumaliza mwanzo. Hakuna mkopo wa nyumba unaoufikia kwa ukali. Pili, akiba ya dharura. Pesa ukishaipeleka benki kupunguza deni huwezi kwenda Jumatatu kuidai kwa sababu mtoto amelazwa. Mimi nasema uwe na malipo ya miezi mitatu yaliyowekwa kando, kwa mfano wetu kama 114,000, mahali unapoweza kuzitoa kwa siku chache. Usihesabu amana zako za sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, kuwa akiba ya dharura. Hizo ni dhamana ya mikopo, na kwa kawaida huzipati mpaka ujiondoe uanachama.

Miezi ya karo iache ipumue

Januari, Mei na Agosti sisi hatulipi ziada yoyote. Tunalipa kile benki inachotudai, basi. Ni miezi ya karo, sare, vitabu na nauli ya kurudi shule, na kulazimisha ziada katika miezi hiyo ni kwenda kukopa kwenye simu ili ulipe benki. Je, hasara ni kubwa? Piga hesabu: 5,000 kwa miezi tisa badala ya kumi na miwili ni 45,000 kwa mwaka. Mkopo ule ule bado unaisha karibu miezi 40 mapema, na riba inayookolewa inakaribia milioni moja. Umepoteza kama miezi tisa mwisho wa safari, na kwa bei hiyo umenunua amani ya nyumba mara tatu kila mwaka kwa zaidi ya miaka kumi na moja. Mimi bei hiyo nailipa kwa furaha.

Mume wangu, kwa kuwa pesa za duka hazina ratiba, alitaka tuwe tunapeleka benki chochote kinachobaki mwezi ukiwa mzuri. Tulilizungumza tukakubaliana hivi: ziada ya kila mwezi inatoka kwenye mshahara wangu kwa agizo la benki, siku mbili baada ya mshahara kuingia, ili isitegemee hali ya soko. Pesa za duka zikizidi, zinagawanywa sehemu tatu: mkopo, bidhaa za duka, na familia. Sehemu ya familia ni haki yake kama zile nyingine; haingoji mabaki.

Magawio ya sacco yanayolipwa baada ya mkutano mkuu wa mwaka nayo yana nafasi yake. Kwa mkopo ule wa mfano, 60,000 zikilipwa mara moja mwishoni mwa mwaka wa kwanza zinaokoa riba ya kama 290,000. Pesa hizo hizo zikilipwa mkopo ukikaribia kwisha, faida ni ndogo sana. Ndiyo sababu miaka ya mwanzo mimi napeleka nusu ya magawio kwenye mkopo, na nampa kila mkopaji shauri hilo hilo. Miaka ya mwisho hakuna haja ya haraka hiyo.

Fungu la watoto na fungu la jamaa

Fungu la watoto ni 6,000 kwa mwezi, nalo linakaa kwenye laini ya simu isiyotumika kwa jambo jingine. Kila mwezi mtoto mmoja ndiye anayechagua. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minane, anachagua Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, kila zamu yake inapofika. Hapo ufuoni anapenda kumchagua samaki mwenyewe: anasimama mbele ya ngege waliopangwa kwenye sinia, anainama, anawaangalia macho, kisha anamwonyesha mama anayekaanga yule ambaye mkia wake umepita ukingo wa sinia. Tunakaa, samaki analetwa na ugali na kachumbari, mikono inanawishwa, na kwa nusu saa hakuna anayeulizia simu. Pesa zikibaki tunapanda mashua kando ya mafunjo. Wa pili hupenda majabali ya Kit Mikayi, barabara ya Bondo, kwa sababu anaruhusiwa kukwea mawe. Kifungua mimba siku hizi anataka mechi uwanjani Mamboleo, karibu na nyumbani kabisa, na anataka kwenda na baba yake tu. Nafundisha watoto wa umri huo na najua miaka yenyewe ni michache. Benki itakuwepo hata akiwa na miaka ishirini na tano.

Sasa jamaa. Hapa kwetu huwezi kupanga pesa ukasahau matanga. Simu inalia jioni, na kabla ya Ijumaa kuna mchango wa basi, wa jeneza, wa chakula cha wageni. Anayeweka kila shilingi kwenye mkopo huishia kuomba mkopo mwingine ili azike, au anaanza kujificha kwa watu wake, na hilo la pili ni baya zaidi. Weka fungu la jamaa la kila mwezi, hata 2,000, na wewe na mwenzako mkubaliane mapema kiwango: mzazi ni kiasi gani, shangazi na mjomba ni kiasi gani, jirani ni kiasi gani. Fungu likijaa mpaka Novemba bila msiba, ndilo linalotupeleka Siaya kwa mama mkwe Desemba, na sukari na mafuta yake.

Pesa mbili ambazo familia haitazisikia zikitoka

Ya kwanza ni nafuu ya kodi. Tangu 27 Desemba 2024, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe inaondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, hadi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Awali kikomo kilikuwa 300,000. Ukiwa kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 30, nafuu inaweza kufika 9,000 kwa mwezi. Omba benki hati inayoonyesha riba uliyolipa mwaka mzima, umpe mwajiri aiingize kwenye mshahara, au uidai kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, unapowasilisha ritani kabla ya 30 Juni. Sisi tuliigawa palepale: 5,000 kwenye mkopo, 4,000 kwenye fungu la watoto. Ziada yetu yote ya mwezi inatoka hapo.

Ya pili inakuja riba ikishuka. Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kukipunguza Agosti mwaka huo, na Agosti 2025 kilikuwa asilimia 9.5. Kama mkopo wako ni wa riba inayobadilika na benki haijakupunguzia, iandikie uulize kwa nini. Ikikupunguzia, endelea kulipa kiasi kile cha zamani. Kwa mfano wetu, riba ikiwa asilimia 12 badala ya 13, malipo ya mwezi yanakuwa pungufu kwa karibu 1,950. Acha hizo ziende kwenye deni; nyumbani mmeshazoea kuishi bila hizo.

Kila likizo ya shule mimi na mume wangu tunakaa na taarifa ya mkopo na daftari la matumizi, tuangalie. Dalili ninayoitafuta ni moja: kama katika muhula uliopita tumewahi kukopa kwa simu ili kununua chakula, ziada inapunguzwa mwezi unaofuata, bila mjadala. Kama fungu la watoto limebaki bila kutumika, nalo naliulizia, maana ina maana tulikuwa na shughuli mno hata kwenda Dunga.

Mkopo ukibakiza mwaka mmoja, acha kulipa ziada kabisa. Riba iliyobaki ni ndogo, na utahitaji pesa taslimu za wakili na za usajili ili rehani iondolewe kwenye hati. Itisha barua ya benki inayothibitisha kwamba deni limekwisha, hakikisha hati ya kuondoa rehani imesajiliwa ofisi ya ardhi, kisha ufanye upekuzi wa kiwanja uone kwamba jina la benki halimo tena.